Ganzi ya Mlalamikaji

Kesi ya Hezroni Mbwambo na Asheri Mshana ilikuwa inaingia mwaka wa nne, na kwa miaka yote hiyo wazee hawa wawili walikuwa hawajawahi kupanda magari tofauti kwenda kuisikiliza. Si kwamba walipendana. Ni kwamba kutoka kijijini Vumango, kule juu milimani, Noah ya abiria inayoshuka mjini Same asubuhi ni moja tu, ya kijana Rodrick, na Rodrick haondoki mpaka ijae. Basi mlalamikaji na mlalamikiwa walibanana kiti cha nyuma, kila mmoja na mkoba wa nyaraka mapajani, wakagawana mahindi ya kuchoma njia nzima, wakashuka stendi, wakasalimiana na watu, halafu wakaingia barazani kuitana wezi. Jioni walirudi kwa Noah ileile, wakiulizana kama wake zao wamesikia mvua.

Kwingine watu wakikosana hupigana ngumi yakaisha. Upareni ngumi ni ya mtu aliyeishiwa hoja, na hawa wawili hoja walikuwa nazo magunia. Walichogombea ni maji. Juu ya mashamba yao kuna ndiva, lile bwawa la kienyeji linalokusanya maji usiku ili yafunguliwe asubuhi kwa zamu, kila familia na siku yake. Zamu ya Alhamisi, Hezroni alisema, ni ya kina Mbwambo tangu babu yake. Asheri akasema huyo babu aliiacha mwenyewe mbele ya mashahidi, kwa bahati mbaya wote marehemu. Tangu hapo Alhamisi maji yalikwenda kwenye tangawizi ya Asheri, na tangawizi ya Hezroni ikawa inayaona yakipita.

Asubuhi hiyo ya Jumatano Hezroni alipanda gari akijua jambo moja kuliko yote: leo lazima afike. Mara mbili alikuwa amekosa kikao, mara ya kwanza msiba, mara ya pili barabara ilikatwa na mvua. Kanuni ya Baraza la Maji ilikuwa fupi. Mlalamikaji asipoonekana mara ya tatu, shauri linafutwa, na Alhamisi inabaki kwa Asheri yeye na watoto wake na tangawizi yao.

Tatizo lilikuwa ubavu wa kushoto. Tangu usiku wa jana kulikuwa na kitu huko nyuma, kati ya mbavu na nyonga, kinabisha hodi kwa adabu. Gari lilipomaliza kona ya tatu kikaacha adabu, kikaingia bila kukaribishwa.

"Mbwambo," Asheri alisema, "mbona unatoka jasho na baridi yote hii? Umeanza kuogopa vielelezo vyangu?"

"Niogope makaratasi ya kufungia karanga?" Hezroni alijibu, lakini neno karanga lilitoka vipande viwili, na katikati yake kulikuwa na mlio ambao Asheri alikuwa ameusikia mara moja tu, kwa mbuzi.

Kufika kona ya saba Hezroni alikuwa amepiga magoti sakafuni mwa gari, kichwa kwenye kiti. Mzee wa kanisa la Kilutheri, mtu wa kukaa benchi la mbele, akawa anajikunja kama anatafuta sarafu chini ya viti. Akajaribu kusimama, ikauma. Akajaribu kulala, ikauma kwa namna nyingine. Akatapika kwenye mfuko ambao Asheri aliuwahi kwa kumwaga mahindi yake mwenyewe.

Abiria mmoja aliyeifahamu kesi akasema, "Mzee Mshana, mwache huyu hospitali, wewe nenda zako barazani. Leo umeshinda bila jasho."

Asheri alimwangalia kama aliyetukaniwa mama.

"Nimshinde nani? Kiti kitupu? Miaka minne najiandaa kujibu, niende nikalijibu benchi? Rodrick, kata kulia, hospitali!"

*

Daktari wa zamu aliwasikiliza, akamgonga Hezroni ubavuni kidogo, Hezroni akaruka. Mkojo ukapimwa, damu ikapimwa, kikaletwa kipimo cha altrasaundi. Jiwe. Lilikuwa limetoka kwenye figo na kukwama njiani, kwenye mrija unaoshuka kwenda kibofuni. Dogo tu, milimita tano.

"Milimita!" Hezroni alilia. "Pimeni tena!"

Sindano ya kutuliza maumivu wanayochomwa watu wengi hakuweza kupewa, maana ana vidonda vya tumbo, na mwaka juzi dawa ya jamii hiyo ilimtapisha damu. Dawa nyingine kali ya maumivu ilikuwepo, ila daktari alieleza kwamba itamlegeza, asinzie, na maneno yake yatakuwa mazito.

"Mazito vipi?" aliuliza Asheri.

"Kama mlevi, mzee."

"Haiwezekani," walisema wote wawili kwa pamoja. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka minne kukubaliana jambo.

Ndipo akaitwa Daktari Sumaiya wa kitengo cha usingizi, binti wa Kisiwani, mwembamba, hijabu ya bluu, na macho ya mtu anayecheka kabla hujamaliza kusema.

"Shikamoo mzee."

"Mara... mama yangu weee... haba."

"Pole sana. Sasa nisikilize. Kuna njia ya tatu. Hatukulazi usingizi. Nakupiga bloku."

Asheri, ambaye alijenga nyumba yake mwenyewe, aliuliza taratibu, "Bloku ya inchi tano au sita?"

Sumaiya alicheka mpaka akashika meza. Alieleza kwamba bloku hii si tofali, ni ganzi. Mishipa ya fahamu inayopeleka habari za figo kwenye ubongo inapita mahali panapojulikana, pembeni ya mgongo. Yeye ataangalia kwa altrasaundi, apitishe sindano mpaka kwenye tabaka lililo chini ya msuli, amwage dawa hapo, na dawa itasambaa izime mishipa ya upande huo tu.

"Sindano ya mgongo!" Hezroni alishtuka, akasahau kulia. "Hiyo si ya kina mama wanaopasuliwa wakijifungua?"

"Siyo hiyo, mzee. Ile inaingia kwenye uti wa mgongo. Mimi siufikii, napita pembeni."

Lakini Hezroni alikwisha kuona mbele: Jumapili, baada ya ibada, wanakwaya wanamuuliza mtoto amempa jina gani. Akaomba simu, akampigia mkewe Eliakunda, na kwa kuwa alibonyeza ovyo simu ilijiweka kwenye spika.

"Mama Victoria, wanataka kunichoma ganzi ya mgongo."

"Ya nini?"

"Jiwe."

"Kubwa?"

Asheri akamsaidia. "Milimita tano, shemeji."

Eliakunda alivuta pumzi ndefu ya mwanamke aliyezaa watoto saba juu ya mlima ule. "Mbwambo. Saba. Bila sindano hata moja. Na wewe punje moja?"

"Mama," Sumaiya aliingilia, "wapo wanawake waliopata yote mawili, wanasema jiwe lina uchungu kuliko kuzaa."

"Hao walizaa watoto wadogo," alisema Eliakunda. Kisha sauti ikashuka. "Haya mchomeni, daktari. Nisikie ameenda kwenye hiyo kesi yake, maana wasipomsikiliza huko, nitakayemsikiliza ni mimi."

Hezroni akauliza maswali yake yote kama anayehoji shahidi. Miguu je? Utatembea, mzee. Akili? Timamu. "Na ulimi?" akauliza Asheri kwa wasiwasi wa kweli. Ulimi uko mbali sana na hapo. "Uwe mbali kwelikweli," alisema Asheri, "maana leo una kazi."

Fomu ya ridhaa ikaletwa. Hezroni akaweka sahihi iliyopinda kama njia ya Vumango. Sumaiya akamgeukia Asheri ajaze sehemu ya shahidi. "Na wewe, mzee, ni nani yake?"

"Mlalamikiwa."

"Samahani?"

"Yeye mlalamikaji, mimi mlalamikiwa. Saa nne tuna kesi."

Sumaiya alitazama mmoja, akatazama wa pili, akaandika: jirani.

Wakamkalisha Hezroni ukingoni mwa kitanda, mgongo wazi, kakumbatia mto. Aliyesimama mbele ili asidondoke ni Asheri. Hezroni akambana adui yake kiunoni kwa mikono miwili na kulalamika tumboni mwake kwa Kipare, wakati Sumaiya nyuma anasafisha ngozi, anapaka mafuta baridi ya altrasaundi, anaingiza sindano huku macho yakiwa kwenye kioo. "Naona mfupa... naona msuli... dawa inaingia, inatandaa vizuri, mashaallah."

Wakangoja. Dakika ya tano Hezroni alikuwa bado anamtaja Mungu. Dakika ya kumi na mbili alikwama katikati ya jina hilo, akakaa mdomo wazi.

"Imekuwaje?" aliuliza Asheri.

"Imeondoka."

"Wapi?"

"Sijui. Ilikuwa hapa." Alijigusa ubavuni kama mtu anayetafuta pochi. Akainuka. Akachuchumaa, akasimama. Akacheka peke yake. Mtu ambaye nusu saa iliyopita alikuwa ameshausia shamba, akauliza kama hapo hospitali kuna chai.

Sumaiya hakucheka safari hii. Alivuta kiti akakaa karibu kabisa.

"Mzee Hezroni, jiwe bado lipo. Nilichofanya ni kama kuweka simu saileti. Anayekupigia anaendelea kupiga, wewe tu husikii. Ganzi itakaa mpaka kwenye saa kumi na moja jioni hivi. Daktari wa njia ya mkojo yuko kwenye upasuaji, atakuona saa nane. Vipimo vyako ni vizuri, kwa hiyo nakuruhusu uende kwenye hiyo kesi na urudi. Lakini maumivu hayatakuambia kitu tena. Kitakachokuambia ni homa. Ukisikia baridi au joto, unarudi mbio, kesi au si kesi."

"Mimi homa huwa siisikii," alisema Hezroni, ambaye siku hiyo alikuwa hasikii chochote.

Sumaiya akamgeukia Asheri. "Basi wewe, mzee. Kila baada ya muda mshike paji la uso."

"Ndani ya baraza?"

"Popote."

*

Baraza la Maji linakaa ukumbi mmoja nyuma ya stendi, na mwenyekiti wake, Bi Shamsa, alikuwa mwanamke wa haki na wa fomu. Haki alikuwa nayo moyoni na fomu mezani, na zikikosana iliyoshinda ni fomu. Maswali yake yalikuwa kumi na mawili. Hakuruka hata moja, hakurudia, na kila jibu alimwamrisha karani Muhidin aliandike lilivyo, kwa mwandiko uliolala upande.

Saa nne kamili wakaingia. Jina la mlalamikaji likaitwa. "Nipo!" alijibu Hezroni kwa sauti iliyofanya njiwa waruke juu ya bati. Alikuwa amefika. Miaka minne, vikao viwili vilivyopotea, jiwe, na bado amefika. Akala kiapo kwa Biblia, akasimama wima kama mwanajeshi, na ndani yake kulikuwa na furaha ya ajabu, furaha ya mwili mtulivu, kiasi kwamba alipomtazama Asheri aliona ni mzee mzuri tu, mwenye masikio makubwa.

Maswali sita ya kwanza yalikuwa ya kawaida: jina, kijiji, ukoo, ndiva ipi, siku ipi, tangu lini. Hezroni akajibu kwa upole ambao baraza halikuuzoea. Kila kikao kilichopita alikuwa anapiga meza. Asheri alianza kuogopa. Mtu anayejibu kwa upole namna hii, aliwaza, lazima ana kielelezo kipya.

Kisha akakumbuka wajibu wake. Akainuka kwenye benchi la walalamikiwa, akavuka ukumbi kwa heshima zote, akaweka kiganja kwenye paji la uso la mlalamikaji, akakiacha hapo, akahesabu kimoyomoyo.

Kalamu ya Muhidin ikasimama.

"Mlalamikiwa," alisema Bi Shamsa, "unafanya nini?"

"Namwangalia homa, Mheshimiwa. Hana."

"Kwa nini unamwangalia homa?"

"Ni amri ya daktari, Mheshimiwa. Ana jiwe. Tumetoka hospitali sasa hivi. Amepigwa ganzi upande mzima wa kushoto, alikuwa analia kama mbuzi."

"Sikulia kama mbuzi," alisema Hezroni.

"Ulilia, Mbwambo. Upo chini ya kiapo."

Bi Shamsa alikuwa na baba yake mzee Kisiwani aliyewahi kuugua jiwe, akamtazama Hezroni kwa huruma ya kweli. "Pole sana, mzee wangu. Pole." Huruma ikakaa kidogo usoni pake. Kisha macho yakarudi kwenye fomu, kidole kikashuka mstari mmoja.

"Haya. La saba. Je, mlalamikaji unaumia?"

Hezroni alijaa shukrani. Mheshimiwa mzima, na shughuli zote hizi, anamuuliza hali.

"Hapana, Mheshimiwa. Siumii."

Bi Shamsa akainua nyusi. "Huumii?"

"Hata chembe. Mbele za Mungu, niko kama kijana."

Asheri akakohoa. Akakohoa tena kwa nguvu, akitikisa kichwa. Hezroni alimtazama, akadhani ni vumbi.

"Andika, Muhidin. Haumii hata chembe. Na kabla ya leo, umeumia kwa muda gani?"

"Tangu jana usiku, Mheshimiwa. Baada ya chakula."

"Jana usiku tu? Yaani miaka hii minne yote nyuma hukuumia?"

Hezroni akacheka. "Miaka minne, Mheshimiwa? Na mambo kama yale? Ningeshakufa zamani! Hapana, miaka minne yote nilikuwa mzima kabisa, nalala, nakula."

"Mheshimiwa!" Asheri alikuwa amesimama. "Napinga! Mlalamikaji hajaelewa swali!"

"Mlalamikiwa, unampingia mlalamikaji jibu linalokufaa wewe?"

"Ndiyo! Hapana! Nasema amejibu kuhusu mgongo!"

"Swali limeulizwa kwa Kiswahili," alisema Bi Shamsa. "Mzee Hezroni, umekula kiapo?"

"Nimekula."

"Umesema kweli?"

Hapo ndipo Hezroni alipoanza kuona kitu kikimjia kutoka mbali, kama lori kwenye barabara ya lami, dogo kwanza. Angeweza kusema hapana. Lakini mzee wa kanisa aliyeapa kwa Biblia robo saa iliyopita aseme alidanganya? Na alidanganya wapi? Kila neno lilikuwa kweli.

"Nimesema kweli," alisema, na lori likampita juu.

Bi Shamsa akasoma polepole ili Muhidin aandike. Kwamba Baraza husikiliza madai ya mtu aliyeumia kwa kunyimwa maji. Kwamba mlalamikaji, kwa kinywa chake na kwa kiapo, amesema haumii, na kwa miaka minne ya shauri hili alikuwa mzima, akila na kulala. Kwamba asiyeumia hana dai. Shauri limefutwa. Rufaa ni ndani ya siku thelathini, fomu kwa karani. Akafunga jalada, akasema tena, kwa moyo safi, "Ugua pole, mzee wangu."

*

Nje, kwenye kivuli cha ukuta wa stendi, aliyelia alikuwa mshindi.

"Umeniua, Mbwambo!" Asheri alipiga mkoba wake wa nyaraka. "Kurasa arobaini na moja! Mchoro wa mfereji nimeupaka rangi! Nimekesha nikifanya mazoezi ya kukujibu mpaka mke wangu amehamia chumba cha watoto! Na wewe unasimama pale kama bwana harusi: siumii, siumii!"

"Aliniuliza kama naumia."

"Anauliza kuumia kwa kesi!"

"Sasa mimi ningejuaje? Ganzi haijachagua, Mshana. Imezima yote." Alisema hivyo akashangaa mwenyewe, maana alijaribu kuitafuta hasira yake palepale ilipokaa miaka minne na hakuikuta. Alijua amepoteza Alhamisi. Alijua kama mtu anavyojua habari za wilaya nyingine.

"Na utakata rufaa," alisema Asheri. Haikuwa swali.

"Nikate rufaa niseme nini? Kwamba niliumia? Nimeapa sikuumia. Nikiandika naumia leo, hali siumii, huo ni uongo, na mimi siandiki uongo."

Asheri alilitazama basi la Arusha mpaka likapita. Kisha akamshika paji la uso, akaridhika, akaingia ndani kwa Muhidin, akarudi na fomu ya rufaa.

Walipofika hospitali saa nane, daktari wa njia ya mkojo alitazama picha akasema habari ni njema. Jiwe limeshuka, ni dogo, lina nafasi kubwa ya kutoka lenyewe kwa dawa ya kulegeza njia. Alale hapo waone. Sumaiya akawa anamfunga kipimo cha presha mkononi, na Hezroni akauliza lile swali ambalo wagonjwa wengine huuliza kwanza.

"Lakini mwanangu, haya mawe yanatokana na nini?"

"Mengi yanatokana na mtu kutokunywa maji ya kutosha, mzee. Hasa watu wa shamba, wanatoka jasho halafu wanashinda na chai."

Presha ya Hezroni ilipanda hapohapo, Sumaiya aliiona.

Hezroni akamgeukia Asheri polepole. Asheri alikuwa tayari amefungua kalamu.

"Usiseme," Asheri alisema. "Usiseme, nimeshaelewa. Kunyimwa maji, jiwe. Jiwe, maumivu. Mbwambo, hii ni hoja! Hii hoja sina jibu lake!" Uso wake uling'aa. "Yaani ninalo, nitasema maji ya ndiva ni ya kumwagilia, hayanyweki, yana vyura. Lakini itabidi nilete mtaalamu wa vyura!"

"Andika hoja ya kwanza," alisema Hezroni.

"Naandika. Kwamba mlalamikiwa, yaani mimi, kwa makusudi..."

"Alininyima maji."

"Nyima ni dogo. Weka alinidhulumu, lina uzito. Alinidhulumu maji kwa kipindi cha miaka minne, matokeo yake..."

Walifanya kazi alasiri nzima, vichwa vimekaribiana juu ya shuka. Pale Hezroni alipolegea Asheri alimkaza. Pale Asheri alipojiita mwizi Hezroni alisema hapana, hiyo itawafanya wakuhurumie, sema mkaidi. Sumaiya alipita mara tatu, kila mara akiacha chupa ya maji, na kila mara Asheri akamsimamia mlalamikaji mpaka akaimaliza.

Saa kumi na nusu kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa kisanduku kimoja. Kilikuwa juu kabisa ya fomu, na chini yake maandishi madogo yalisema mkata rufaa akijaze kwa mkono wake: Je, umeumia?

Hezroni akachukua kalamu, akaishika hewani.

"Andika basi," alisema Asheri.

"Bado."

"Bado nini?"

"Bado siumii."

Asheri alitaka kugomba, akakumbuka anagombana na mtu wa namna gani. Akakaa. Wakangoja. Walimsikia muuguzi akigawa dawa, walisikia magari ya barabara kuu yakishuka kuelekea Korogwe. Mara mojamoja Asheri aliuliza, "Vipi?" na Hezroni akajibonyeza ubavuni akasema, "Kimya." Ilikuwa inapita saa kumi na moja ndipo akakunja uso.

"Mshana."

"Eeh?"

"Kuna mtu anabisha hodi."

"Mwenyewe?"

"Subiri." Akasikiliza kwa ndani, kama anayesikiliza maji yakija mferejini. Jasho likatokeza juu ya mdomo wake. "Mwenyewe! Ni yeye! Aah, mama yangu!" Na kwa mara ya kwanza tangu saa tatu asubuhi, hasira yote ya miaka minne ikarudi nyumbani na mizigo yake, akamtazama Asheri na kumwona alivyo, mwizi wa Alhamisi mwenye masikio makubwa. Akainamia fomu.

Sumaiya aliyesikia kelele aliingia na trei, sindano tayari. "Imeisha, eeh? Geuka, mzee, nikuongeze ganzi."

"Ngoja, mwanangu!" Hezroni alisema kwa meno yaliyobanana, herufi zikitembea kwenye karatasi kama siafu waliokanyagwa. Naumia. Akatazama juu, macho yamejaa machozi. "Mshana, inatosha?"

"Ongeza sana," alisema Asheri.

"Sana?"

"Inakuuma sana au haikuumi sana? Upo chini ya kiapo."

"Inauma sana, mshenzi wewe!"

"Basi andika."

Hezroni akaandika, mkono mmoja kwenye kalamu, mwingine umembana mlalamikiwa kwenye kola ya shati, na Sumaiya akasimama nyuma yake na sindano mkononi, akisubiri nukta.